Sufi, sponji na springi: godoro lipi la zamani lifufuliwe na lipi ligeuzwe kitu chengine

Nyumbani kwetu Kwahani, hapa Unguja, wiki kama tatu kabla ya Ramadhani, tulijikuta tuna magodoro matatu mabovu kwa mpigo. La bibi la sufi limeshika mabonge utasema limejazwa mbatata. Langu la sponji, tano kwa sita, limefanya bonde katikati kiasi ukilala ukingoni usingizi ukikushika tu unaporomoka mwenyewe mpaka kati. Na la tatu la springi, hilo kaka kalileta kwa bei ya kutupa, limetoka hoteli moja ya pwani iliyokuwa inabadilisha vitanda. Mama kasema yote nje kesho asubuhi, gari ya taka ikipita yaende. Mie nikamwambia mama subiri kwanza, maana godoro jipya la inchi nane saivi ukiuliza bei tu unasikia mgongo umepona.

Basi haya ninayoyaandika ndo niliyoyaona kwenye hayo matatu, na kuna moja la mwaka juzi nililiua kwa mikono yangu, nitalitaja. Watu wengi wakitaka kuamua wanauliza godoro lina miaka mingapi. Mie naona hilo swali halisaidii. Uliza ndani mna nini, tena uliza limepatwa na nini. Sufi ya miaka 30 inaweza ikalaliwa tena vizuri kabisa, na sponji ya miaka minne iliyoingia maji ya mafuriko haina dawa.

Tofauti kubwa ya sufi na sponji, ukiniuliza mie, ni jua.

Sufi unaipeleka juani inafurahi, inatanuka, harufu ya uvundo inaondoka, unyevu unatoka. Sponji jua linaila. Mwaka juzi mtoto wa dada alilikojolea godoro, nikalifua, nikalipandisha juu kwenye zege nikaliacha siku nne bila kitambaa, nikijua nafanya jambo la maana. Siku ya tano nimelishika pembeni kulishusha nikabaki na kipande mkononi, upande wa juu wote umekuwa unamomonyoka kama boflo la juzi, ukipitisha kiganja unga wa njano unakufuata. Manake sponji ni plastiki, poliyurethani, na mwanga mkali wa jua unaikata ile plastiki kidogo kidogo, kwanza inageuka rangi halafu inakuwa unga. Ela rangi ya njano peke yake usiiogope, sponji yoyote ikikaa inageuka njano hata kama haijaona jua, ni hewa tu. Cha kutizama ni hicho: sugua kwa kidole gumba kwa nguvu, ikitoa unga imekwisha, isipotoa bado iko hai. Sponji iliyorowa unaikausha kivulini penye upepo, uisimamishe wima, na uigeuze, hata ikichukua siku tatu au nne wacha ichukue.

Sufi yenyewe ni kitu cha ajabu kidogo. Ule unyuzi wake ndani mtupu kama mrija, halafu una nta kwa juu, ndo maana nyepesi hivo na maji hayaiingii upesi, zamani ilikuwa inatiwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Ubaya wake unyuzi unavunjika. Kila ukilala, kila ukipiga, unavunjika, na iliyovunjika inakuwa vumbi. Kwa hiyo ukilifufua godoro la sufi usitegemee kujaza mfuko ule ule kwa sufi ile ile, utapungukiwa, lazima uongeze mpya kidogo. La bibi tuliongeza.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unafumua mshono wa upande mmoja tu, ule mfupi, usikate kitambaa. Unatandika jamvi uwanjani, siku haina upepo mkali, unaitoa sufi yote unaimwaga, halafu juu yake unafunika chandarua kibovu na kuweka mawe pembeni. Hichi chandarua ndo siri ya kazi nzima. Sie siku ya kwanza hatukukijua, upepo umepiga mara moja tu mtaa mzima ukawa umevaa mvi, jirani katoka na nguo zake za kuanika mikononi ananitizama bila kusema neno, na Wallahi kuliko kutizamwa vile bora kutukanwa. Chini ya chandarua jua linaingia, sufi haitoki. Mchana unaipiga kwa fimbo nyembamba mbili, mabonge yanaachia, yale magumu unachambua kwa mkono na kokwa zilizobaki unazitoa. Pua na mdomo funga kanga, usione aibu, vumbi la sufi linakohoza, na mwenye pumu ndani ya nyumba asiwepo kabisa siku hiyo.

Siku mbili za jua kali, ya tatu unarudisha. Kitambaa kama bado kizima unakifua na kukitumia tena, kama kimechoka shona kipya cha pamba nzito iliyosokotwa kubana. Kwa godoro la nne kwa sita lenye kina cha inchi sita utataka mita 4 na nusu mpaka 5 za kitambaa cha upana wa mita moja na nusu. Tena usisahau kulitia vifundo: shazia na uzi mnene, unachoma juu unatokea chini, unarudi, unakaza, kila baada ya shibiri mbili hivi. Bila vifundo sufi inahama, ndani ya miezi michache yote iko miguuni na kichwani umelalia kitambaa.

Hesabu yake: kitambaa ndicho kilichonila pesa, kuliko sufi ya kuongeza na fundi wa vifundo wote pamoja. Nguvu ni zako. Ukiwa na uwanja, jua na watu wawili wa kukusaidia, sufi ndo inayoshinda kwa mbali, maana unaweza kulirudia jambo hili hili baada ya miaka tena na tena. Ukiwa unakaa ghorofa ya tatu kule Michenzani huna pa kumwaga sufi, usijitie, peleka kwa fundi au tafuta jamaa yako wa shamba.

(Usumba nao uko humu humu. Magodoro ya usumba, yale ya makumbi yanayofukiwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa kisha wanawake wa Paje, Jambiani na Bwejuu wakayapiga, ni magumu na yanachoma choma lakini yanapitisha hewa kuliko yote. Kuyafufua ni vile vile, toa, pukuta, anika, rudisha. Usumba uliochoka umwage kwenye mashina ya migomba, unaoza wenyewe.)

Sasa sponji. Hapa watu wanadanganyana sana, ati geuza tu upande wa pili. Ukigeuza godoro lenye bonde umeficha bonde chini, ukilala linarudi. Sponji haichambuliki kama sufi, vile vitundu vyake vikishalala vimelala. Unachoweza ni kuikata na kuipanga upya, na kwanza ujue kama inastahili kukatwa.

Uipime uzito. Hii nilifundishwa na fundi makochi mmoja wa Mwanakwerekwe, mie nilikuwa nabonyeza bonyeza kwa mkono nikijitia najua, akaniambia, "Dada, sponji hainunuliwi kwa kubonyezwa, inapimwa kilo." Na kweli, hesabu ni nyepesi. Godoro la tano kwa sita la inchi nane lina ujazo wa kama mita 0.56. Likiwa na kilo 11 basi ni sponji ya kilo 20 kwa mita moja ya ujazo, hiyo nyepesi, ikifanya bonde haifai kwa kulala tena, fanya mito. Likiwa na kilo 17 hivi ni ya kilo 30, hiyo ya maana, inafaa kupoteza siku nzima juu yake. Hakikisha tu limekauka, lisije likawa linapima maji.

Langu lilikuwa zito. Tukalivua kitambaa, bonde liko katikati, upana wa kama futi mbili, pembeni kote sponji imesimama vizuri maana nililala peke yangu miaka yote. Tukalikata kwa urefu: futi moja na nusu kulia, futi moja na nusu kushoto, zile futi mbili za kati tukazitoa. Zile mbili za pembeni tukaziunga, tukapata tatu kwa sita zima kabisa, na ndo analolalia mpwa wangu saivi. Kisu kirefu chenye makali mapya, unavuta upande mmoja tu, usikate kama msumeno mbele nyuma utaichana. Gundi ya makochi unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka ukigusa haigandi kidoleni, ndo unakutanisha, na ukikutanisha umekutanisha, hakuna kusogeza. Fanyia nje, ile gundi inalevya.

Kama mlilala wawili mabonde yatakuwa mawili na katikati pamesimama kigongo, hapo mpango wangu haukufai, unachopata ni kipande cha kati tu, fanya godoro la mtoto au la kukalia barazani. Na kuna wanaoongeza tabaka la sponji mpya ya inchi mbili juu ya godoro la zamani. Inasaidia pale ambapo la chini limelainika tu lakini liko sawa. Juu ya bonde haisaidii kitu, hiyo inchi mbili itafuata shimo.

Kwa hiyo sufi na sponji ukiziweka pamoja: sufi inarudi ilivyokuwa, sponji inarudi imepungua. Tano kwa sita limezaa tatu kwa sita. La bibi la nne kwa sita limebaki nne kwa sita. Sponji kwa upande wake haina vumbi, inakatika umbo unalotaka, kazi yake ni ya siku moja, na huhitaji kugombana na majirani.

La springi nitalisema upesi maana sina zuri la kusema. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma, na hasa nyumba za karibu na bahari, ukilala ukisikia kwikwi kwikwi ujue kutu imeshaingia. Kuna springi zilizofungwa pamoja kwa waya na kuna zile kila moja imevikwa kijifuko chake, zote mbili fundi wa mtaani hawezi kukurudishia nguvu ya waya uliochoka. Ukilifungua utakuta juu sponji ya inchi moja mbili, chini yake blanketi gumu la vitambaa vilivyosagwa, halafu chuma. Sponji ya juu na kitambaa unavitoa vinafanya kazi nyengine, chuma kinauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ule waya mnene wa pembezoni unapoukata geuza uso, umebanwa, unaruka.

Sasa hilo la kaka. Kununua godoro la hoteli watu wanaliona kama bahati, na kuna wakati ni bahati kweli, kwa sababu hoteli nzuri magodoro yao wanayavisha mifuko ya kuzuia maji na sponji zao huwa nzito, unaweza ukapata kitu ambacho jipya usingelimudu. Ela sie tulilikagua juu juu tu, usiku, na tochi ya simu. Siku ya pili kaka kaamka mkono una vidoti vimepangana mstari kama sindano ya cherehani. Kunguni. Wamejaa kwenye ule mshono mnene wa ukingoni, ukiufungua kwa kucha unaona vitone vyeusi kama wino na maganda yao ya rangi ya chai. Mama kachoma udi nyumba nzima, nyumba ikanukia vizuri na kunguni wakabaki.

Kunguni na mayai yao wanakufa joto likifika kama nyuzi 50 na kukaa muda, lakini lifike huko ndani walipo. Juani, godoro nene linapata moto juu, ndani baridi, wao wanahamia ndani tu wanasubiri, na wanaweza kusubiri miezi bila kula. Sufi unaimwaga yote nje kwa hiyo jua linaifikia, kitambaa unakichemsha, hapo unawaweza. Sponji tupu bila kitambaa haina pengi pa kujificha, inawezekana kwa tabu. La springi ndani ni nyumba ya vyumba mia, achana nalo. La kaka tulilifunga plastiki nzima kabla ya kulitoa, tusije tukamwaga wageni njiani, tukaandika juu kwa rangi LINA KUNGUNI, maana tulijua pale jaani kuna mtu atalipenda.

Na hata lingekuwa safi, kipimo. Hoteli nyingi vitanda vyao vya sentimita, 180 kwa 200. Vitanda vyetu vya seremala ni vya futi, na futi sita ni sentimita 183. Ukilitandika kwenye sita kwa sita upana linakaa sawa, urefu sentimita 17 zinaning'inia miguuni. Chukua futi kamba yako uende nayo, nenda mchana, fungua kitambaa kama kina zipu, muuzaji akikataa usilifungue ujue majibu umeshapata.

Kuna ambayo sikushauri kuyafufua ya aina yoyote. Yaliyolowa maji ya mafuriko, na tunajua masika kwenye mabonde ya mjini maji yanayoingia ndani yamepita kwenye vyoo vya nani na nani, hayo yaache. Yenye kuvu jeusi mpaka ndani, siki na maji utasafisha uso tu, kwa doa la juu sawa, ndani haifiki. Na mtoto mchanga usimlaze kwenye godoro lililolainika wala la kuungwa ungwa, mchanga anataka pagumu na pa bapa, uso ukizama hawezi kujigeuza. Kwa mtoto mchanga nunua jipya dogo gumu, hapo sina ubishi.

Yakishindikana kurudi kitandani bado yana kazi. Zile futi mbili za kati za godoro langu tumekata mito minne ya baraza, sehemu iliyobonyea tukaipeleka chini, haionekani. Vipande vidogo tumevikata kata tukajaza pufu la sebuleni, na paka kapata kitanda. Mafundi wa siti za bodaboda wanachukua vipande vizuri. Cha kutofanya ni kuchoma moto nyuma ya nyumba, sponji ikiungua inatoa kaboni monoksaidi na gesi ya sianidi, ule moshi mweusi si moshi wa makuti. Na ukiitupa inakwenda jaa kuu la Kibele inakaa, haiozi, inakuwa chembe chembe mvua inazibeba. Sufi na usumba unafukia shambani, habari imekwisha.

Kama hujaamua bado, mie ningepanga hivi: una la sufi au usumba, fufua, hata usifikirie. Una sponji nzito yenye bonde moja, kata uunge, ukubali litakuwa dogo. Sponji nyepesi, mito. Springi, fungua utoe vya kutoa. La mkono wa pili, ela liwe la sponji tupu, umelikagua mchana na limepimwa. Jipya nunua pale ambapo mgongo unauma kweli au kuna mchanga, na ukinunua tizama chaga za kitanda kwanza, zikiwa zimeachana sana au moja imevunjika hilo jipya nalo litafanya bonde mwaka huu huu. Tena usilitandike chini sakafuni moja kwa moja, unyevu wa sakafu zetu unalioza kwa chini wewe hujui.

La bibi limerudi limevimba utasema limekunywa hamira, na kitanda chake ni kile cha samadari kirefu tangu mwanzo. Usiku wa kwanza tumemsikia anaita, tumekwenda kasimama pembeni kashika nguzo ya kitanda, anasema, "Mmenipandishia ngazi kama bi harusi, sasa nani ananibeba?" Tumemtafutia kibao cha kukanyagia. Mpaka leo anakilalamikia hicho kibao, na kila mchana yuko juu kalala.